Kulala Kwenye Kibanda cha Mlinzi wa Moto: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupanda

Kibanda cha mlinzi wa moto hakikujengwa kwa ajili ya mgeni. Kilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyelipwa kukaa kileleni kiangazi kizima, kutazama misitu pande zote na kutoa taarifa akiona moshi. Ukilishika hilo, mengine yanajieleza yenyewe: kwa nini kuta ni vioo vitupu, kwa nini maji yako mbali, kwa nini choo kiko chini na kitanda kiko juu, na kwa nini radi hukitafuta kibanda hicho kabla ya kitu kingine chochote kilicho karibu. Wanaorudi wakinung'unika mara nyingi ni wale waliokodi wakidhani wanapata nyumba ya mapumziko yenye mandhari. Mandhari ipo. Nyumba ya mapumziko haipo.

Vibanda tunavyozungumzia viko magharibi mwa Marekani: Montana, Idaho, Oregon, Washington, na baadhi ya milima ya California. Shirika la Misitu la Marekani lilianzishwa mwaka 1905. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 na 21 Agosti 1910, moto ulioendeshwa na upepo mkali uliteketeza karibu hekta milioni 1.2, hasa Idaho na Montana, ukaua zaidi ya watu 80, wengi wao wazimamoto. Kuanzia hapo likawa jambo la lazima moto uonekane ukiwa bado mdogo. Vilele vikaanza kuwekewa vibanda, na kasi ikaongezeka miaka ya 1930 vijana wa Civilian Conservation Corps, programu ya ajira ya serikali ya 1933 hadi 1942, walipopelekwa kuvijenga. Aina iliyoenea sana inaitwa L-4: chumba kimoja cha futi 14 kwa 14, yaani mita nne na robo kila upande, madirisha pande zote nne. Mbao zake zilikatwa tayari huko chini, zikafungwa mafungu yanayoweza kubebwa na nyumbu, zikapandishwa. Ndege zilipochukua kazi ya ulinzi vingi viliachwa vikaoza, vingine vikachomwa makusudi. Vilivyosalia, baadhi bado vina walinzi wao na baadhi hukodishwa. Sheria ya mwaka 2004 inataka sehemu kubwa ya kodi hiyo ibaki palepale ilipokusanywa, kwa hiyo pesa yako ndiyo inayonunua kioo kipya na rangi ya paa.

Waswahili walioko Boise, Missoula, Spokane, Portland na Seattle wako saa chache tu kwa gari kutoka kwenye vibanda hivi, na bei si ya kutisha: vingi ni kati ya dola 50 na 100 kwa usiku, na huingia watu wanne. Shida ni kupata nafasi.

Nafasi huwekwa kupitia tovuti ya Recreation.gov. Vibanda vingi hufunguliwa miezi sita kabla, siku kwa siku: ukitaka kuingia tarehe 18 Julai, nafasi hiyo inaanza kuuzwa tarehe 18 Januari. Muda ni saa nne asubuhi kwa saa za mashariki mwa Marekani, ambayo ni saa mbili asubuhi Montana na saa moja asubuhi Oregon na Washington. Ijumaa na Jumamosi za Julai na Agosti huisha ndani ya dakika chache. Fungua akaunti mapema, ingiza kadi ya benki mapema, na uwe umeingia kabla ya saa yenyewe kufika. Ukikosa, usikate tamaa, maana wanaoghairi ni wengi. Tovuti ina kitufe cha kukuarifu tarehe ikiachwa wazi, na wimbi la kughairi huja wiki mbili na ushee kabla ya safari, kwa sababu anayeghairi ndani ya siku 14 anapoteza malipo ya usiku wa kwanza juu ya ada ya dola 10. Watu hukumbuka hilo siku ya kumi na tano. Kwa maoni yetu Jumanne hadi Alhamisi ya katikati ya Septemba ni bora kuliko Jumamosi yoyote ya Julai: mbu wamekwisha, radi zimepungua, na barabara haina foleni ya magari ya kambi. Ila usiku una baridi ya kweli.

Soma ukurasa wote wa kibanda, hadi mwisho, kabla ya kulipa. Tofauti kati ya kimoja na kingine ni kubwa. Heybrook, karibu na barabara kuu namba 2 ya Washington, unakifikia kwa miguu, kama kilomita mbili za kupanda, kisha ngazi za mnara wa mita 20 hivi. Fivemile Butte, kwenye msitu wa Mount Hood huko Oregon, kiko juu ya mnara wa mita 12 na hukodishwa hata majira ya baridi, ila wakati huo unafika kwa ski au viatu vya theluji. Hager Mountain, Oregon hiyohiyo, hukodishwa majira ya baridi tu, kwa sababu kiangazi mlinzi yuko kazini. Garnet Mountain, kusini mwa Bozeman huko Montana, kiko kwenye mita 2,500 hivi, chini kidogo tu ya vibanda vya Mandara kwenye Kilimanjaro, na mizigo yote unapanda nayo mgongoni. Aliyewahi kulala Mandara anajua mwinuko huo unavyofanya usiku.

Wiki moja kabla ya safari piga simu ofisi ya wilaya ya msitu husika. Usiwaulize kama barabara iko wazi, maana watakujibu ndiyo. Uliza hivi: gari la mwisho kufika juu lilifika lini, kuna mti ulioanguka, theluji imebaki kwenye kona za upande wa kaskazini, na namba za kufuli ni zipi. Upande wa kaskazini wa mlima hauoni jua vizuri, hivyo rundo moja la theluji linaweza kuziba njia hadi mwanzoni mwa Julai wakati upande wa kusini tayari una maua. Uliza pia kuhusu moto. Eneo likifungwa rasmi kwa sababu ya moto, unarudishiwa pesa. Moshi peke yake, hata kama hauoni mlima wa pili, kwa kawaida si sababu ya kurudishiwa.

Barabara za msitu zina namba, na ramani za simu hazijui ipi imefungwa. Pakua ramani rasmi ya magari ya msitu huo kwenye programu ya Avenza ukiwa bado na mtandao. Jaza tangi mjini, kwa sababu kituo cha mwisho cha mafuta kinaweza kuwa kilomita 50 nyuma yako. Kilomita za mwisho ndizo huumiza: mawe bapa yenye makali hupasua tairi ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibiki. Spea nyembamba ya gari dogo haifai. Beba tairi kamili, jeki, na kipande cha ubao cha kuwekea jeki kwenye kokoto. Siku za kazi kuna malori ya magogo, nayo hayasimami haraka. Ukiyaona, tafuta nafasi kwenye ukingo wa barabara ukae pembeni. Mwachie mtu namba ya barabara, jina la kibanda na siku ya kurudi. Kileleni simu mara nyingine hushika vizuri kwa sababu hakuna kinachozuia mawimbi, lakini bondeni haishiki kabisa, na gari huharibika bondeni.

Maji ndiyo kosa kubwa la wageni wa kwanza. Chemchemi haiwi kileleni. Mlinzi wa zamani alikuwa akishuka nusu saa au zaidi na mtungi mgongoni, na kibanda chako hakijasogea tangu wakati huo. Hesabu lita nne kwa mtu kwa siku za kunywa na kupika, halafu ongeza lita kumi za kuosha vyombo na kuzimia moto. Watu wanne kwa usiku mbili wanahitaji zaidi ya lita 40, na hizo ni zaidi ya kilo 40 za kupandisha ngazi. Usibebe dumu la lita 20 kwenye ngazi ya mnara: linavuta mkono mmoja, mwili unaegemea upande, na mguu unakosea kipandio. Tumia madumu ya lita tano hadi kumi. Baadhi ya minara ina kapi na kamba ya kuvutia mizigo. Funga dumu kwenye mpini kwa fundo lisiloteleza, aliye chini asogee mbali kabla ya kuvuta kuanza, na aliye juu avae glavu. Kama itabidi utumie maji ya kijito, yachuje au yachemshe: dakika moja inatosha sehemu za chini, dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Maji ni safi kwa macho, lakini vimelea vya giardia havionekani, navyo vinaharisha wiki mbili.

Mwinuko huohuo unabadilisha upishi. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, na yakishachemka hayapandi tena hata ukichochea moto kiasi gani. Maharage makavu huchelewa sana kuiva hapo, labda uwe na sufuria ya presha. Chemsha maharage au makande nyumbani, gandisha kwenye friza, na yabebe yakiwa barafu: yanapoza chakula kingine njiani na jioni yanapashwa tu. Wali unataka maji zaidi kidogo, mfuniko mzito na subira. Ugali hauna shida. Chapati ndizo hasa chakula cha kibandani, maana uso wa jiko la kuni la chuma ni kikaango tosha, na ukikanda unga nyumbani na kuufunga vizuri utakuwa laini ukifika. Kwa jiko dogo la gesi, makopo mawili ya gramu 230 huwatosha watu wanne mwisho wa wiki kwa chai na kupasha. Usitegemee gesi ya kibandani hata kama ukurasa unasema ipo. Mtungi huisha na anayegundua ni wewe.

Ndani utakuta vitanda vya mbao vyenye godoro jembamba au bila godoro, meza, viti viwili vitatu, jiko la kuni, labda sufuria chache. Umeme hakuna. Beba mfuko wa kulalia unaostahimili nyuzi sifuri hata Julai, kwa sababu joto hushuka takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kioo hakizuii baridi. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote. Beba tochi ya kichwani kila mtu na yake, maana safari ya chooni usiku ni ngazi tatu au nne za mnara kisha njia ya mawe. Beba pia kitambaa cha kufunga macho. Hili la mwisho watu hulicheka. Kaskazini kabisa mwa Montana katikati ya Julai jua huzama saa tatu na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mwanga unakuwepo saa nzima kabla na baada, pazia hakuna, na wewe umelala ndani ya sanduku la kioo. Aliyezoea machweo ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima hujikuta anangoja giza ili apike, akila saa nne usiku.

Kabla ya kuingiza mizigo ndani, fungua mlango na madirisha yote, kaa nje nusu saa. Sababu ni panya. Panya wa milima ya Marekani hubeba aina ya virusi vya hanta iliyotambuliwa mwaka 1993 kusini-magharibi mwa nchi hiyo, na binadamu huvipata kwa kuvuta vumbi la mkojo na kinyesi chao. Kwa hiyo usishike ufagio kwanza. Changanya jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, nyunyizia kinyesi hadi kilowe, ngoja dakika tano, futa kwa karatasi ukiwa na glavu za mpira, tia kwenye mfuko ufunge. Baada ya hapo ndipo fagio liingie. Chakula kikae kwenye ndoo au sanduku gumu lenye mfuniko. Panya hutoboa begi la kitambaa usiku mmoja, na mkoba uliosahauliwa karanga ndani haurudi mzima. Nje kuna dubu, kwa hiyo hakuna chakula, takataka wala dawa ya meno inayobaki chini ya mnara. Kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu liwe kiunoni unaposhuka, si ndani ya begi. Na lisifyatuliwe ndani ya kibanda hata kwa mzaha, mtalala garini.

Jiko la kuni linastahili dakika zako kumi kabla ya giza. Tazama dohani kutoka nje kwanza: kwenye kofia yake kuna wavu wa kuzuia cheche, na wavu huo huziba kwa masizi mazito ya kuni mbichi. Ukiona wavu umekuwa mweusi usiopitisha mwanga, moshi utarudi chumbani. Ndani, tafuta mkono wa vali kwenye bomba. Ukiwa sambamba na bomba, njia iko wazi. Toa majivu ya zamani ukiacha tabaka la vidole viwili, kwa sababu hulinda sakafu ya jiko na kushika joto. Pasha bomba kwanza kwa kuchoma karatasi moja karibu na tundu la kutokea moshi. Hewa baridi iliyojaa ndani ya bomba ni nzito, na usipoisukuma nje kwa joto inabonyeza moshi urudi kwako. Kisha panga vijiti vyembamba vya unene wa kidole, washa kwa juu, ukiona vimeshika ongeza kuni za unene wa kiganja. Chumba ni kidogo: kuni tatu zinatosha kukitoa baridi, tano zitawafukuza nje. Usiku wa baridi hutumia kuni nane hadi kumi. Usibebe kuni kutoka mbali, kwa sababu wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani ya magome. Nunua karibu na msitu au tumia za banda la kuni.

Jambo moja lisiwe la hiari: kengele ya betri ya kupima moshi wa sumu usio na harufu, ile monoksaidi ya kaboni. Jiko la gesi, taa ya gesi na jiko la kuni vyote hutoa hewa hiyo, na baridi ikiuma watu hufunga madirisha yote pamoja. Acha dirisha moja wazi upana wa vidole viwili usiku kucha. Mkaa wa kuchomea nyama usiingie ndani kamwe. Taa za gesi za ukutani, kama zipo, zina kifuko cha kitambaa kinachong'aa. Kikishaungua mara ya kwanza hugeuka majivu yanayosimama, na ukikigusa kwa njiti ya kiberiti kimekwisha. Washa njiti kwanza, ilete karibu bila kugusa, ndipo ufungulie gesi polepole.

Sasa radi. Kibanda kimewekwa mahali pa juu kuliko pote kwa makusudi, na wingu halijui tofauti ya mlinzi na mpangaji. Vibanda hivi vina fimbo ya chuma juu ya paa na nyaya nene za shaba zinazoshuka kwenye pembe hadi ardhini. Ukifika, zunguka uzitazame. Waya ukiwa umekatika au umeng'olewa, iambie ofisi ya wilaya, na mpango wako wa radi uwe kushuka mapema kwenda garini. Gari lenye paa la chuma ni kinga nzuri. Waya zikiwa nzima, kukaa ndani ni salama kuliko kukutwa katikati ya ngazi za chuma. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa thelathini au pungufu, kila mtu aingie, roshani iachwe, madirisha yafungwe. Usishike jiko, bomba, kitanda cha chuma, vyuma vya roshani wala chombo kilichounganishwa na waya. Mkae katikati ya chumba. Katika vibanda vingine utakuta kigoda cha mbao ambacho miguu yake imevishwa vihami vya kioo, vilevile vya nguzo za simu za zamani. Si pambo. Mlinzi alikikalia au kukisimamia wakati wa radi, maana kioo hakipitishi umeme. Hesabu nusu saa tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka tena, hata kama jua limeshawaka. Radi za Julai na Agosti huja zaidi alasiri, kwa hiyo matembezi marefu yaanze asubuhi. Na aliye na haja ya chooni aende wingu likiwa bado mlima wa tatu.

Katikati ya chumba unaweza kukuta meza ya chuma yenye ramani ya duara chini ya pete. Hicho ni Osborne Fire Finder, kifaa kilichobuniwa na William Osborne, mfanyakazi wa Shirika la Misitu, na ndicho sababu ya chumba kizima kuwepo. Kibanda chenyewe kiko kitovuni mwa ramani. Pete ina nyuzi 0 hadi 360, na juu yake vimesimama vilengeo viwili vinavyotazamana: kimoja kina ufa mwembamba wa kuchungulia, cha pili kina uzi mmoja wa singa za farasi uliovutwa wima. Unazungusha pete hadi uzi ukate pale moshi unapotokea ardhini, si pale unapotanuka angani, kwa sababu upepo huusogeza. Kisha unasoma nyuzi. Mstari mmoja unasema moto uko upande gani, lakini hausemi uko umbali gani. Mlinzi wa kilele kingine akitoa mstari wake, pale mistari inapokatana kwenye ramani ndipo penye moto. Meza imelinganishwa na kaskazini kwa uangalifu. Usiisogeze, usiitue birika juu yake, na watoto waizungushe pete kwa kidole kimoja tu.

Ukiona moshi halisi, toa taarifa kwa 911 au kwa namba ya ofisi ya zimamoto ya msitu uliyoiandika kabla ya kupanda. Toa jina la kibanda, nyuzi ulizosoma, umbali unaokadiria, rangi ya moshi, na kama unaona unapoanzia. Lakini tulia kwanza. Baada ya mvua, vipande vya ukungu huinuka kutoka mabondeni vikifanana sana na moshi, na vimewahadaa hata walinzi. Ukungu ni mweupe, huinuka sehemu nyingi kwa pamoja, na huyeyuka jua likipata nguvu. Moshi hushikilia mahali pamoja, una shina, na dhidi ya mlima wenye giza huonekana wa samawati. Utazame dakika kumi kwa darubini. Moto wa radi nao unaweza kulala ndani ya mti siku kadhaa kabla ya kujionyesha, hivyo asubuhi ya pili na ya tatu baada ya radi inafaa kutazamwa kuliko jioni yenyewe.

Kuhusu watoto tunasema wazi: kibanda cha chini, sawa; kibanda cha mnarani, wawe wakubwa wa kutii. Reli za roshani zilijengwa kwa mtu mzima mmoja, na nafasi kati ya vyuma humpitisha mtoto wa miaka mitatu. Ngazi huishia kwenye mlango wa sakafuni. Ufungwe kila mara mtu anapopita, na mwenye kazi ya kuufunga awe mtu mmoja anayejulikana. Mnara hutikisika upepo ukivuma na mbao hulia usiku. Hiyo ni kawaida yake, lakini mwambie mgeni kabla hajalala.

Ardhi ya kileleni ni ya umma hata ukiwa umelipia kibanda. Wapandaji watatokea mchana wakitaka kuona mandhari, na baadhi watachungulia dirishani wakidhani hakuna mtu. Salamu moja inamaliza jambo.

Siku ya kuondoka anza na majivu, si na begi. Acha kuweka kuni tangu alfajiri. Majivu huingia kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, humwagiwa maji, hukorogwa, humwagiwa tena, kisha unayapima kwa mgongo wa mkono. Makaa yaliyofunikwa na majivu hubaki na moto siku nzima na zaidi. Yasitupwe chooni: karatasi na gesi za shimo huwaka, na vyoo vya aina hiyo vimewahi kuungua. Maji ya vyombo yachujwe, mabaki yaingie kwenye mfuko wa takataka, maji yenyewe yamwagwe mbali na njia na chanzo chochote cha maji, walau mita 60. Takataka zote zinashuka nawe. Pasua kuni za mgeni ajaye pamoja na fungu la vijiti vya kuwashia, maana huenda akafika usiku wa mvua. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu.

Vifuniko vya madirisha, kama maelekezo yanataka vishushwe, ni kazi ya watu wawili. Kimoja kina uzito wa mlango, na upepo ukikidaka kinampokonya mtu mmoja na kuvunja kioo. Mmoja abebe uzito kwa chini, wa pili atoe mhimili na kukaza boliti, mkianza na upande unaopigwa na upepo. Mwisho funga kufuli, vuruga namba zake, lijaribu kwa kulivuta. Geti la barabarani lifungeni nyuma yenu mara tu gari likipita, hata kama mnarudi baada ya saa moja: dereva mwingine akilikuta wazi ataingia, nanyi mkilifunga jioni mtakuwa mmemfungia ndani.